Fundi wako akikuonyesha dirisha jeusi, usikimbie

Ukiuliza wafanyabiashara wa Nairobi, Kisumu au Mombasa ni nini kinachowaumiza kichwa kwenye malipo ya simu, watakuambia makato. Watakuambia mtandao kulala Ijumaa jioni duka likiwa limejaa. Watakuambia wateja wanaoonyesha meseji za uongo. Hutapata anayelalamika kwamba msimbo wake wa malipo umenakiliwa mahali pane tofauti. Lakini kwa maoni yangu hilo ndilo linalokula pesa za biashara nyingi za ukubwa wa kati polepole, kama panya ghalani. (Ninaandika "msimbo" kwa sababu nikiandika "kodi", mhasibu wako ataruka kitini akidhani KRA wamefika.)

Niseme mapema: mimi nilisomea masoko, si kompyuta. Kazi yangu ni kuwaeleza wateja mambo ya malipo kwa lugha inayoeleweka. Lakini kazi hiyo imenikalisha karibu na mafundi wa programu kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo, na msimamo wenyewe ni huu. Biashara yoyote inayopokea malipo ya simu kupitia zaidi ya mfumo mmoja iwe na maktaba moja ya msimbo wa malipo, inayotumiwa na mifumo yote. Kisha maktaba hiyo izungukwe na amri chache ambazo mtu anaweza kuziandika kwenye kompyuta na kupata jibu, bila kugusa tovuti wala kumsumbua mteja.

Kama una Till moja na kaunta moja, na malipo unayaona kwenye simu yako, makala haya hayakuhusu sana. Endelea kuuza. Siku ukiongeza tovuti, rudi tuongee.

Nakala nne, tabia nne

Chukulia duka la viatu. Lilianza na tovuti, na fundi wa kwanza akaiunganisha na Paybill. Baadaye likatengenezewa programu ya simu. Fundi wa pili akachukua msimbo wa yule wa kwanza, akaunakili, akarekebisha hapa na pale. Kaunta za dukani zikawekewa mfumo wao. Halafu ofisini kukaja kijiprogramu cha kutuma ankara kwa wateja wa jumla. Mifumo yote minne inaongea na M-PESA kupitia Daraja, ule mlango ambao Safaricom iliufungulia mafundi wa programu. Yote minne inafanya kazi, kwa hivyo hakuna anayeuliza kitu.

Sasa angalia kinachotokea. Mteja mmoja huandika nambari yake ikianza na 07, mwingine 01, mwingine +254 na nafasi katikati kama mtu anayejaza fomu ya benki. Daraja yenyewe inataka nambari ianze na 254, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Fundi wa kwanza alishughulikia 07 peke yake kwa sababu wakati huo laini za 01 hazikuwepo. Fundi wa pili alikumbuka 01. Matokeo yake, mteja mwenye laini ya 01 ananunua vizuri kwenye programu ya simu, lakini tovuti inamwambia nambari yake si sahihi.

Huyo mteja hatapiga simu kulalamika, ataenda kwa jirani. Na wewe kwenye ripoti ya mwezi utaona tu kwamba mauzo ya tovuti yamelegea, kisha utatuita sisi watu wa masoko tuongeze matangazo. Tutaongeza, pesa itatoka, na watu tutakaowaleta watagonga ukuta uleule. Hapo ndipo mimi hupata uchungu.

Mambo ya namna hiyo ni mengi. Ombi la malipo linataka shilingi kamili, hakuna senti. Nakala moja inapandisha 1,249.50 kuwa 1,250, nyingine inaikata iwe 1,249, na mhasibu anakesha akitafuta shilingi moja. Tokeni ya kuingilia Daraja hudumu takriban saa moja; nakala moja inajua kuomba nyingine, ile ya kaunta inasahau, na kila baada ya saa keshia anazima na kuwasha kompyuta bila kujua kwa nini hiyo husaidia.

Lakini kubwa kuliko yote, na hapa naomba unisome polepole, ni suala la sifuri mbili.

Mfumo wako ukituma lile ombi la PIN linalotokea kwenye simu ya mteja, Daraja hujibu papo hapo. Mambo yakiwa sawa, jibu huwa na nambari 0. Hiyo 0 maana yake ni "ombi lako nimelipokea", basi. Mteja bado hajaweka PIN. Huenda simu iko mfukoni. Huenda anabishana na mkewe kama hivyo viatu ni vya lazima. Matokeo ya kweli huja baadaye, kwenye anwani ya intaneti ambayo biashara yako iliiacha ili ijulishwe. Huko nako kuna nambari: 0 ni malipo yamefaulu, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja ameghairi, 1037 ni simu yake haikupatikana.

Sifuri ya kwanza ni ya kupokelewa kwa ombi, ya pili ni ya pesa kuingia. Fundi aliyechoka saa sita usiku akizichanganya, duka linatoa viatu kabla ya pesa kuingia. Kosa hilo si geni hata kidogo. Likigunduliwa kwenye tovuti, fundi wa tovuti atalirekebisha kwenye tovuti. Nakala nyingine tatu zitabaki vilevile, kila moja ikingoja siku yake.

Na kuna upande wa pili, ambao ni mbaya zaidi kwa jina lako. Seva yako ilikuwa imelala dakika tano, lile jibu la pili halikufika. Mteja ana meseji ya M-PESA mkononi, mfumo wako unasema hajalipa. Keshia, ambaye ameambiwa aamini mfumo, anamwambia mteja alipe tena. Watu wameshaanza kuangalia. Hata ukimrudishia pesa yake kesho yake, amekwishaitwa mwongo mbele za watu, na hakuna tangazo litakalofuta hilo.

Wazo lenyewe ni la zamani

Watu hudhani maktaba ya msimbo ni mtindo wa vijana wa Ngong Road na vikombe vyao vya kahawa. Si kweli. Pale Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watu wa kompyuta iliyoitwa EDSAC walikuwa na maktaba tangu miaka ile ya mwanzo kabisa. Mahesabu yanayohitajika mara kwa mara yaliandikwa vizuri mara moja, yakatobolewa kwenye utepe wa karatasi, utepe ukahifadhiwa. Mwenye shida aliuchukua utepe huo badala ya kuanza upya. Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walilieleza jambo hilo kwenye kitabu chao cha mwaka 1951. Hata kabla ya kompyuta kuwa na skrini ya maana, watu walikuwa wameshachoka kurudia kazi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni curl. Mswidi mmoja, Daniel Stenberg, alitaka kitu kidogo tu: kupata viwango vya kubadilisha fedha kutoka kwenye mtandao bila kufungua kurasa kila mara, ili watu wa kikundi chake cha gumzo wavipate. Ndiyo, shida ya kwanza ilikuwa ya pesa. Kile kijiprogramu kikakua, na mwaka 1998 kikapewa jina la curl: unaandika amri, kinakuletea kitu kutoka intaneti. Mwaka 2000 injini yake ikatolewa kama maktaba, libcurl, ili programu nyingine ziitumie. Leo imo ndani ya simu, magari na televisheni kote duniani, na wengi tunaitumia bila kuisikia ikitajwa.

Tazama mpangilio wake. Injini ni maktaba. Amri ni usukani uliofungwa kwenye injini hiyohiyo. Mtu akiandika amri ya curl na programu fulani ikiita libcurl, kazi inapita njia moja. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye biashara alishike anapoongea na fundi wake: dirisha la amri lisiwe nakala ya tano. Fundi akikutengenezea amri za kupendeza zenye msimbo wake pembeni, hujapata kitu, umeongeza mdomo mwingine wa kulisha. Amri ziite maktaba ileile inayoitwa na tovuti, kaunta, programu ya simu na ofisi. Hapo amri ikisema pesa imeingia, ni kaunta yako inayosema.

Ndani ya dirisha jeusi

Hilo dirisha huwatisha watu. Lina rangi nyeusi, halina vitufe, na kwenye sinema hutumiwa na wezi wa benki. Kwa kweli ni mahali pa kuandika sentensi fupi kwa kompyuta na kusoma jibu. Mtu aliyewahi kupiga *144# kuulizia salio ameshafanya kazi ya aina hiyo.

Tuseme fundi wako ameiita amri hiyo "lipa". Ukiandika "lipa hali" kisha namba ya risiti ya M-PESA, zile herufi na tarakimu kumi, unapata jibu: imelipwa, kiasi gani, saa ngapi, ni ya oda gani. Ikiwa kumbukumbu zenu hazina habari, maktaba inaenda kuuliza Daraja, inasubiri jibu, na kulirekodi. Ile vita ya keshia na mteja inakwisha hapohapo. Keshia hahitaji kuwa fundi. Anahitaji kuonyeshwa mara mbili na kuwa na karatasi imebandikwa kando ya skrini.

Amri ya pili ambayo ningeigharamia ni ya kuigiza. Nimesema matokeo ya malipo huja kwenye anwani ya biashara yako. Kompyuta ya fundi wako nyumbani kwake Rongai haina anwani ambayo Daraja inaweza kuifikia, kwa hivyo wengi hupeleka kazi kwenye seva ya kweli ndipo wajaribu. Yaani wanajaribia kwa wateja. Amri ya "lipa igiza 1032" ingetengeneza jibu lenye umbo lilelile la Daraja na kulituma kwenye kompyuta ya fundi mwenyewe: mteja ameghairi, mfumo wetu ufanye nini? Igiza 1037. Igiza jibu lilelile mara mbili, uone kama oda moja itahesabiwa mara mbili. Igiza jibu lisilofika kabisa. Kampuni ya Marekani ya Stripe huwapa mafundi wanaoitumia chombo cha amri chenye uwezo wa namna hiyo, wa kuamsha matukio ya malipo ya majaribio na kuyaleta kwenye kompyuta ya fundi. Hakuna sababu ya duka la Nakuru kutokuwa na chake kidogo.

Ya tatu ni ya kulinganisha. Kila usiku, bila mtu, kompyuta inachukua taarifa ya Paybill na orodha ya oda, inatoa tofauti. Hapa dirisha la amri linashinda dashibodi yoyote, kwa sababu amri inaweza kupangiwa saa ikajiendesha, na kitufe kinangoja mtu aamke akibonyeze. Utamaduni wa Unix pia una jambo zuri: amri ikimaliza salama huacha 0, ikishindwa huacha nambari nyingine. (Sifuri tena, najua.) Kwa hivyo ni rahisi kusema: ikiwa si 0, mtumie mhasibu meseji kabla ya saa mbili asubuhi.

Halafu kuna faida ambayo mwenye duka haioni hadi fundi aondoke. Na mafundi huondoka, mazee. Wanapata kazi ya dola, wanahamia mbali, simu hazishikwi. Fundi mpya akikuta nakala nne zisizo na maelezo, atatumia wiki mbili akisoma, na utamlipa wiki hizo. Akikuta maktaba moja yenye amri ya kuandaa kompyuta yake, mambo ni tofauti. Anaiandika, na inamwekea toleo sahihi la maktaba, funguo za majaribio, namba ya biashara ya majaribio ya Daraja ambayo ni 174379, na seva ndogo ya kupokea majibu ya kuigiza. Kabla ya chakula cha mchana ameshatuma ombi lake la kwanza la majaribio, na hajagusa shilingi ya mtu.

Wanaopinga wana hoja

Hoja nzito niliyoisikia ni hii: ukiweka kila kitu kwenye maktaba moja, siku ikiharibika, kila kitu kinaanguka pamoja. Nakala nne angalau haziugui siku moja. Na historia iko upande wao. Machi 2016, fundi mmoja aliondoa kwenye hazina ya npm kipande kiitwacho left-pad, mistari 11 tu ya msimbo, na miradi mingi sana duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo kwa sababu yote ilikitegemea.

Siipuuzi hoja hiyo. Lakini tiba yake ni kuipa maktaba namba za matoleo na kila mfumo kusema waziwazi unatumia toleo gani. Ofisi ihamie toleo jipya kwanza, ikae nalo wiki, kisha tovuti, mwisho kaunta ambako foleni ipo. Toleo la zamani lisifutwe. Hiyo ni kazi, ndiyo, na fundi ataidai kwenye bei. Mlipe. Utalipa kidogo kuliko gharama ya kurekebisha kosa lilelile mara nne, kila mara na mtu tofauti.

Hoja ya pili, kwamba dashibodi ni nzuri zaidi kwa macho, sina shida nayo. Iwe nayo. Ijengwe juu ya maktaba ileile.

Mimi mwenyewe naogopa kitu kingine kuliko hivyo viwili: urahisi. Amri rahisi ya kuulizia pesa hukaa jirani na amri rahisi ya kutuma pesa. Sitaki kuona "lipa rudisha" kwenye kompyuta ya kila mtu. Amri za kutoa pesa au kubatilisha malipo ziwe na ruhusa yake, ziandike kwenye kumbukumbu nani alizitumia na lini, na zikiwa upande wa pesa za kweli zimlazimishe mtu kuandika kiasi kwa mkono wake mara ya pili. Upande wa majaribio na upande wa kweli visifanane. Weka rangi nyekundu, weka neno kubwa, chochote. Funguo za siri zisiandikwe ndani ya maktaba, kwa sababu maktaba ndiyo kitu utakachompa kila fundi, na ukimpa maktaba yenye funguo umempa na duka. Zikae kwenye mazingira ya kila seva, na zibadilishwe fundi anapoondoka, hata kama mmeachana kwa amani.

Na jibu la amri lisimwage nambari nzima za simu za wateja kwenye skrini. Tarakimu tatu za mwisho zinamtosha keshia. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nambari ya mteja ni data ya mtu na wewe ndiye unayewajibika nayo, si fundi. Picha ya skrini ikishatupwa kwenye kikundi cha WhatsApp, haitoki tena.

Ukitaka kuanza, usiagize mazingira mazima kwa mkupuo. Utaletewa bei ya kutisha na utaahirisha hadi mwakani. Mwombe fundi atoe mambo matatu tu kwenye zile nakala na kuyaweka kwenye maktaba: kusafisha nambari za simu, kuomba tokeni, na kusoma matokeo ya malipo. Juu yake aweke amri moja, ile ya hali. Tovuti ihamie kwanza. Mengine yafuate kadiri shida zinavyojitokeza, na usikubali mfumo wa tano uanze kwa kunakili.

Kabla hajaanza, fungueni pamoja akaunti ya kuhifadhi msimbo kwa barua pepe ya biashara, si yake. Nenosiri likae kwako.